Polishi si waksi: tuilinde vipi rangi ya gari katika upepo wa chumvi wa Malindi?

MwalimuMstaafu (mwenye uzi)

Assalaam aleikum, na kwa wasio wa salamu hiyo, hamjambo. Naomba mnivumilie kwa urefu wa maneno, kwa kuwa jambo hili limenigharimu boneti nzima ya gari na singependa limgharimu mwingine.

Naishi Malindi, upande wa Casuarina, mahali ambapo mtu akiamka alfajiri, akapitisha kidole juu ya kioo cha mbele cha gari kisha akakiramba, ataonja chumvi. Gari langu ni dogo, la samawati iliyokoza, na lilitoka Japani kupitia bandari ya Mombasa kama magari yetu mengi, likiwa limebakiza mwaka mmoja tu kufikia kikomo cha miaka 8 ambacho sheria yetu inaruhusu. Siku niliyolichukua, rangi yake ilikuwa kama kioo cha kunyolea ndevu. Kwa kuwa nalijua jua letu na bahari yetu, nikajiwekea nadhiri kwamba kila mwisho wa mwezi litapigwa waksi.

Nilikuwa na mahali pangu pa kuoshea, ambapo sitapataja. Kila mwisho wa mwezi kijana mmoja mwenye bidii alitoa mashine, akaifunga sponji, akamimina dawa nyeupe kutoka kwenye chupa isiyo na maandishi, akaisugua boneti, paa na milango mpaka vikameremeta. Mimi niliiita kazi ile waksi, yeye aliiita polishi, na kwa karibu miaka mitatu hakuna kati yetu aliyeona haja ya kumsahihisha mwenzake.

Mwaka huu, baada ya kaskazi kwisha, ukingo wa mbele wa boneti ulianza kutoa mabaka meupe, kisha utando mwembamba ukaanza kubambuka kama ngozi ya mgeni aliyelala ufukweni bila kivuli. Nikashtaki bahari. Nilipompelekea fundi wa rangi, aliweka kifaa cha kupima unene juu ya paa, kisha kwenye mlango chini ya kitasa, kisha kwenye boneti, akatikisa kichwa. Alinieleza kwamba rangi ya kiwandani kwa jumla huwa na unene wa maikroni 100 hadi 150 hivi, na kwamba ile klia ya juu, utando usio na rangi unaobeba mng'aro wote na unaopokea jua kwa niaba ya rangi iliyo chini yake, ni maikroni 40 au 50 tu katika hizo. Unywele wa kichwani mwangu, ambao bado ninao michache, ni mnene kuliko klia nzima ya gari. Yule kijana alikuwa akiipunguza kila mwezi, na mimi nikimlipa.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nikikisikia bila kukisikiliza. Polishi ina chembechembe za kukwaruza; huondoa mchirizi kwa kuishusha klia mpaka ifikie kina cha mchirizi. Waksi haina kazi hiyo. Hutandazwa juu na kubaki juu, ili uchafu, kinyesi cha ndege na maji ya chumvi vikutane nayo kwanza kabla ya kukutana na klia. Ya kwanza huondoa na ya pili huongeza. Mtu aliyeamrishwa kuongeza lakini akaondoa kwa miezi 30 na zaidi hawezi kushangaa akikuta pamebaki patupu.

Boneti itapigwa rangi upya, hilo limekwisha. Ninachoomba kutoka kwa wajuzi wa jukwaa hili ni kuelezwa kwa utaratibu namna ya kupiga waksi yenyewe kwa mkono wangu, katika hali ya hewa ya huku kwetu, na kama kweli waksi inazuia chumvi au ni hadithi za wauza makopo.

FundiRangi

Mwalimu wangu, pole sana. Umelieleza vizuri, ila umemwonea kidogo yule kijana. Polishi ina wakati wake. Gari likija kwangu limejaa michirizi ya mviringo, ile inayoonekana kama utando wa buibui mtu akisimama dhidi ya jua, siwezi kuipaka waksi juu yake na kumwambia mwenyewe kwamba nimelitengeneza. Nitalipiga polishi laini mara moja, kisha nitalifunika kwa waksi, na baada ya hapo sitaligusa tena kwa mashine kwa mwaka au zaidi. Kosa lilikuwa kurudia. Kosa kubwa zaidi lilikuwa ile chupa isiyo na maandishi, kwa sababu naapa ilikuwa kompaundi nzito, ile tunayoitumia kuondoa alama za msasa baada ya kupiga rangi mpya, na ambayo haina haja ya kupita juu ya gari zima.

Ukingo wa boneti hutangulia kuliwa kwa sababu kwenye kona na mikunjo rangi hukaa nyembamba zaidi na sponji hukandamiza zaidi. Ukimwona mtu anapiga mashine juu ya mikunjo bila kuibandika utepe, mchukulie gari lako uondoke.

Kuhusu waksi yenyewe, nianze na kilichomo koponi. Ile inayosifiwa zaidi hutokana na karnauba, mti wa jamii ya mnazi unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazil. Majani yake hujipaka nta yenyewe ili yasikaushwe na jua la huko, nayo hukatwa, hukaushwa na kupigwapigwa mpaka nta ikadondoka kama unga. Sifa yake kubwa ni ugumu, kwani haiyeyuki mpaka ifike nyuzi 82 hadi 86 za selsiasi, ilhali nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Boneti ya rangi nyeusi iliyoachwa juani saa nane za mchana inaweza kupita nyuzi 70. Pigeni hesabu wenyewe. Wapo watu hapa Malindi wanaonunua nta ya nyuki, wakaichemsha na mafuta ya taa, wakalipaka gari. Saa nane inapofika gari hilo limegeuka mtego wa nzi na vumbi.

Hata hivyo, msidanganywe na neno karnauba likiandikwa kwa herufi za dhahabu. Karnauba tupu ni ngumu kama jiwe na haiwezi kutandazwa, kwa hiyo kila kopo lina mafuta na vimiminika vya kuilainisha, na wengine huitia kidogo tu ili jina lipatikane. Kwa gari linalolala nje, mimi siku hizi napendelea waksi ya kutengenezwa, ile ya polima ambayo wengine huiita silanti. Haina ule mng'aro mtamu wa karnauba, lakini inavumilia jua na sabuni zaidi. Karnauba hapa kwetu naihesabia wiki sita, nane ikipata bahati. Silanti naihesabia miezi mitatu hadi minne, hata kama chupa inadai zaidi. Kuna pia kotingi ya seramiki, ambayo ni habari nyingine na bei nyingine. Hushikana na klia na haitoki kwa sabuni, lakini ikipakwa juu ya michirizi huifungia michirizi hiyo ndani, na ikipakwa vibaya hutolewa kwa kusuguliwa, tukarudi kule kule kwa Mwalimu.

Utaratibu nitauandika jioni, nina milango miwili inasubiri klia na upepo umetulia.

MpitaNjia

Samahanini wakubwa zangu, lakini naona haya ni mambo ya watu wenye nafasi. Baba yangu alikuwa na pikapu ya kubebea nazi kutoka Mambrui kwa miaka mingi, na kila Ijumaa aliipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi, ikang'aa. Waksi ya Brazil hakuijua.

FundiRangi

Ndugu yangu MpitaNjia, iling'aa siku ya Ijumaa. Jumamosi ilikuwa imekusanya vumbi lote la njia ya Mambrui, na Ijumaa iliyofuata mzee, Mungu amrehemu kama ametangulia, aliusugua tena ule mchanga juu ya rangi kwa kitambaa kile kile. Mafuta hayakauki yakawa utando. Hubaki majimaji, hushika vumbi, na mvua moja huyaondoa. Pikapu za zamani pia zilipakwa rangi ya tabaka moja nene isiyo na klia, kwa hiyo zilivumilia kusuguliwa. Ukilifanyia hivyo gari la leo utajua tofauti.

Na kwa kuwa tumefika kwenye mafuta, naomba wale wanaopuliza dizeli chini ya gari baada ya kuliosha waache. Dizeli huvimbisha raba za mfumo wa chini, na chumvi iliyojificha kwenye mikunjo ya bati inabaki pale pale.

NahodhaWaAmu

Nimekuwa nikisoma kimya, lakini neno la Mwalimu kuhusu kuondoa na kuongeza limenigusa, kwa sababu sisi watu wa vyombo tunalijua tangu utoto. Mimi ni mtu wa Amu, yaani Lamu, na kisiwani kwetu njia ni za punda, kwa hiyo gari langu nimeliweka Malindi kwa mwanangu. Chombo nimekishughulikia maisha yangu yote.

Jahazi likipandishwa pwani haliharakishwi kupakwa. Kwanza hukwanguliwa kila kilichoganda, kisha huchomwa kwa moto wa makuti makavu ili vile vidudu vinavyotoboa mbao vife, kisha viungo hutazamwa na palipolegea pamba ya kalafati hurudishwa. Hapo ndipo deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, inapopakwa sehemu inayozama, na mbao za juu zikapakwa sifa, mafuta ya papa, ambayo mgeni akiyanusa hulikimbia jahazi lenyewe. Deheni haikusudiwi kudumu. Inaliwa na bahari ili mbao zisiliwe, na ikishaliwa chombo hupandishwa tena. Mtu anayepaka deheni juu ya uchafu anawafungia wadudu nyumba na kuwapa ufunguo.

Kwa hiyo mtu akiniambia waksi ya gari huisha baada ya wiki nane, sioni kama ni dosari. Ila nauliza swali la mtu wa bahari: chumvi ya gari haishambulii zaidi kule chini na ndani ya milango, mahali ambapo hakuna anayepaka waksi?

FundiRangi

Nahodha, hilo ndilo swali ambalo wauza makopo hawalipendi, na nitalijibu kabla ya utaratibu.

Chumvi yenyewe haiyeyushi rangi iliyo nzima. Inafanya kazi mbili. Ya kwanza ni kuvuta unyevu: hewa ikishakuwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 75, na hapa pwani usiku mwingi huwa hivyo, chembe ya chumvi iliyotua juu ya bati hujigeuza tone la maji bila mvua kunyesha. Ya pili ni kuharakisha kutu mahali ambapo bati limefunuliwa, kwa mfano pale kokoto ilipogonga boneti, kwenye ukingo wa tao la gurudumu, au ndani ya mlango ambapo matundu ya kutolea maji yamezibwa na matope. Waksi juu ya boneti inasaidia maji yale ya chumvi yasikae yakatandaa, na inafanya chumvi itoke kwa urahisi ukimwagia maji. Haizibi jeraha la kokoto. Hilo huzibwa kwa rangi ya kugusia, hata kwa brashi ndogo, kabla ya kupaka waksi. Chini ya gari kuna dawa zake nzito za kupulizia, na kabla ya hizo kuna maji matamu mengi.

Mtu wa Malindi akiwa na muda wa kufanya jambo moja tu, basi ainue mpira wa maji na kuosha chini ya gari na ndani ya matao ya magurudumu kila wiki wakati wa kusi. Nasema hivyo mimi ninayeuza kazi ya waksi.

BintiGede

Nakubaliana na Fundi, lakini naomba tuongeze maji yenyewe. Huku kwetu Gede, na hata Malindi mjini bomba likikauka, wengi tunaoshea maji ya kisima, nayo yanatoka kwenye mawe ya matumbawe, magumu na yenye chumvi chumvi. Nilikuwa naliosha gari langu jeusi saa nne asubuhi, nikaliacha likauke, likabaki na madoa meupe ya mviringo kama limenyunyiziwa chokaa. Nikapaka waksi juu yake. Madoa yakabaki chini ya waksi, yaking'aa vizuri kabisa.

Nilikuja kufundishwa kwamba madoa mapya hutoka kwa siki nyeupe iliyozimuliwa kwa maji sawa kwa sawa, ikiwekwa dakika moja kwenye bodi iliyopoa kisha ikaoshwa. Yaliyokaa miezi hula klia na hapo siki haifui dafu. Siku hizi naosha kwa maji ya kisima ikiwa hakuna budi, lakini suuza ya mwisho ni ndoo moja ya maji ya bomba au ya mvua, kisha napangusa mara moja kwa taulo.

Jambo la pili ni kivuli. Mwalimu, unaposema jua, usisahau kwamba sisi tukikimbia jua tunaingia mikononi mwa kunguru. Nimeegesha chini ya mwembe, nikapata utomvu na kunguru. Nimeegesha chini ya mkorosho wakati wa mabibo, nikapata maji ya mabibo, ambayo kila mama wa pwani anajua hayatoki kwenye nguo. Chini ya mvinje nikapata vijani vyake vilivyojaa kwenye mfereji wa kioo. Kati ya hayo yote, kunguru ndiye adui mkuu.

FundiRangi

Dada, umesema kweli tupu. Kinyesi cha ndege kina asidi, lakini si asidi peke yake. Mchana klia hulainika na kutanuka kidogo kwa joto; kinyesi kikikauka juu yake kikawa kigumu, jioni klia inapopoa na kujikunja inashika umbo la kile kilichoganda. Ndiyo maana hata ukiosha vizuri kesho yake unabaki na ramani. Waksi hukupa saa kadhaa za ziada, haikupi wiki. Weka ndani ya gari chupa ya maji na kitambaa laini. Lowesha kinyesi, ngoja dakika chache, kiinue bila kusugua. Utomvu wa mwembe hutolewa kwa spiriti kidogo kwenye pamba, na sehemu hiyo lazima ipakwe waksi upya kwa kuwa spiriti huondoa na waksi.

Kwa wanaouliza kama waksi inazuia jua: kidogo sana. Ule utando ni mwembamba mno kuliko klia yenyewe. Sisi tupo nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, na jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu katikati ya Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Paa na boneti ndizo zinazolipokea wima, na ndiyo maana milango ya gari hubaki mizuri wakati paa limepauka. Kibanda cha makuti kinalinda rangi dhidi ya jua kuliko kopo lolote nililowahi kulifungua.

Sasa utaratibu. Mimi huanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na nikishindwa naahirisha mpaka saa kumi na moja jioni. Kipimo si saa. Weka kiganja juu ya boneti, na kama huwezi kukiacha hapo kwa raha, usifungue kopo. Waksi ikipakwa juu ya bati la moto hukauka kabla hujaitandaza, na kuitoa kwake ni kilio.

Mwagia gari lote maji kutoka juu kwenda chini kabla ya kuligusa, ili chumvi na mchanga viondoke vyenyewe. Ukianza na kitambaa kabla ya maji, umepiga msasa. Kisha ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glavu kila baada ya kila mlango. Magurudumu yana ndoo yake na kitambaa chake, na vyote hivyo visirudi juu. Sabuni ya kuoshea vyombo na ile ya unga ya kufulia huondoa waksi, kwa hiyo sizitaki katika uoshaji wa kila wiki. Ila siku hii moja, ninapotaka kuondoa waksi kuukuu nianze upya, ya vyombo naitumia kwa makusudi.

Gari likiwa bado na maji, pitisha mkono. Ili uhisi vizuri, wazungu hufundisha kuvaa mfuko mwembamba wa plastiki, lakini sisi mifuko ile ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, kwa hiyo mimi natumia karatasi ya mkate, na inafanya kazi vizuri kabisa. Ukihisi vijipele, hivyo ni uchafu uliojikita: chembe za chuma za breki, utomvu, matone ya rangi ya nyumba ya jirani. Sabuni haivitoi. Kuna udongo maalumu unaofinyangika kama unga wa chapati, unaotelezeshwa juu ya rangi iliyoloweshwa maji ya sabuni, ukazoa vijipele hivyo. Udongo huo ukianguka chini, utupe. Nimemwona mtu akiuokota kwenye kokoto, akaufuta kwenye suruali, akaendelea. Kazi hiyo ya udongo, mara mbili kwa mwaka zinatosha.

Kausha kabisa, hata kwenye vioo vya pembeni na mifuniko ya taa, maana maji yaliyojificha huko huchuruzika juu ya waksi mbichi. Kisha weka waksi kidogo kwenye sponji laini, kiasi cha kuzamisha ncha ya kidole, na upake eneo la futi mbili kwa mbili kwa mwendo mwepesi. Ukiona weupe mnene kama mtindi umezidisha. Hautaongeza ulinzi wowote, utaongeza jasho. Kopo huandika dakika 5 hadi 10 za kungoja, lakini kwa unyevu wetu, hasa wakati wa masika, inaweza kuchukua muda zaidi. Pitisha kidole: kikiacha njia safi, iko tayari, kikiacha ukungu unaoteleza, subiri. Ondoa kwa taulo safi la maikrofaiba, geuza upande, pitisha tena. Fulana kuukuu ya pamba isiyo na mshono inaweza kusaidia kuondoa waksi, lakini kuoshea gari, hapana. Usipake juu ya plastiki nyeusi isiyo na rangi, itaacha alama nyeupe ambayo utaishi nayo. Na mwenye gari la rangi isiyong'aa, ile ya makusudi, asipake waksi hii kabisa.

DerevaWaMokowe

Mimi huliacha gari Mokowe siku nne, tano, navuka kwenda Amu kwa shughuli. Linakaa wazi karibu na gati, upepo wa kusi unalipiga ubavu mmoja. Nilinunua turubai la kulifunika nikidhani nimefanya busara. Baada ya miezi mitatu ubavu ule umekuwa kama umesuguliwa kwa chuma cha kuoshea sufuria.

NahodhaWaAmu

Umesuguliwa, mwanangu. Turubai linalopigapiga kwenye upepo juu ya gari lenye vumbi ni msasa usiolala. Kama huwezi kuliosha kabla ya kulifunika na kulifunga lisitikisike, liache wazi, ligeuze pua ielekee upepo, na ukirudi utafute maji matamu kabla ya kushika njia ya Garsen.

DerevaWaMokowe

Ahsante, ami. Maji matamu Mokowe ni ya kununua, lakini madumu mawili ni nafuu kuliko mlango.

MpitaNjia

Tuktuk je?

FundiRangi

Sehemu za bati, ndiyo, kwa utaratibu ule ule, na utamaliza kabla chai haijapoa. Turubai la juu halipakwi waksi ya gari.

MwalimuMstaafu (mwenye uzi)

Nimesoma yote mara mbili, na nimenakili utaratibu wa Fundi kwenye daftari kama nilivyokuwa nikiwaamuru wanafunzi wangu. Nina swali moja. Tangu nianzishe uzi huu boneti yangu imekwisha kupigwa rangi na klia, sasa ni wiki mbili zimepita, katika gereji isiyo na tanuri, ikakaushwa na hewa. Inang'aa kuliko gari zima, kiasi kwamba paa sasa linaonekana kama la mtu mwingine. Je, niipake waksi mara moja kabla kusi haijaifikia?

FundiRangi

Usithubutu, Mwalimu. Rangi iliyokauka kwa hewa inaendelea kutoa vimiminika vyake kwa wiki kadhaa baada ya kuonekana kavu, na ukiifunika kwa waksi unavizuia. Inaweza kubaki laini au kupoteza mng'aro. Ngoja siku 60 angalau, na kwa klia nene mimi huwaambia watu 90. Katika muda huo ioshe kwa maji na shampuu laini, kwa mkono, na kinyesi cha kunguru kiondoe siku hiyo hiyo, kwa sababu klia changa huchorwa haraka zaidi.

Milango na buti unaweza kuvipaka sasa, kwa kuwa ni rangi ya kiwandani na vipimo ulivyonionyesha ni salama. Paa ndilo lililonisumbua. Limepauka lakini halijabambuka, kwa hiyo klia imebaki kidogo. Silipigi mashine hata ukinilipa. Tutalisafisha kwa udongo, tulipake silanti kwa mkono, likae na sura yake ya uzee. Njoo Jumamosi saa kumi na mbili na nusu kabla jua halijapanda, na usiliache kwa mtu yeyote alioshe Ijumaa.

MwalimuMstaafu (mwenye uzi)

Nitafika inshallah. Ndoo mbili nimeshanunua, na karatasi ya mkate nimeificha isitupwe.

BintiGede

Mwalimu, nunua na ya tatu, ya magurudumu.